Si Mafuta ya Kijiko Chako

Changamwe, Jumamosi alasiri

Wakesho mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi uliponiletea maji ya kunawa, kwa hiyo sitazirudia kana kwamba niko ng'ambo nawe. Wewe uko Bombolulu kumuaga rafiki yako. Mimi nimekaa kitandani na daftari lako la zamani la hesabu magotini, maana ndilo pekee lililobakiwa na kurasa tupu. Mwandiko utanisamehe. Darasa la nne nililoliacha kule Taita halikunifikisha kwenye barua ndefu, na vidole vyangu unavijua, magadi ya kiwandani yamevipasua hata kalamu vinaishika kama nyundo.

Mambo ya safari yako ya kesho kwenda chuoni siandiki. Bi Mwanaisha ameshakwambia yote, na mengine amekwambia mara tatu: ufunguo uuvae shingoni, ndoo uiandike jina, nguo usianike ukaziacha. Mwenye nyumba kama yule hana haja ya msaidizi. Mimi nina jambo moja tu, na ninalo mwaka wa sita sasa. Nikikwambia kwa mdomo utasema, "Basi, baba, yameisha," kwa kuwa ndivyo ulivyo, nami nitafurahi yaishe upesi. Ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Ugonjwa ule ulioniangusha kiwandani nikaenda kupasuliwa haukutokana na chakula chako. Ulitokana na mafuta niliyokuwa nikila mchana bila wewe kujua. Mama yako alipokulaumu pale wodini, mimi nilikuwa najua. Nilinyamaza. Na baya zaidi ya kunyamaza nilisema neno, nitalifikia.

Haya, nimeshaliandika, halirudi tena. Sasa nikueleze lilivyokuwa, nisije nikajipunguzia.

Unakumbuka siku uliyoshuka hapa? Ulikuwa na miaka kumi na minne, umebeba kikapu cha ndizi mbichi na maharagwe ambacho mama yako alikifunga kana kwamba Mombasa hakuna chakula. Nilikuja kukupokea na ovaroli ya kazi, na badala ya kunisalimu ulisema, "Baba, unanuka sabuni." Nilicheka mpaka kondakta akanitazama. Miaka mitano nilikuwa nimeishi peke yangu katika chumba hiki, hakuna mtu aliyenusa nguo zangu akajua nimetoka wapi. Baada ya mwezi ukawa unajua hata tulichopika. Ukisikia harufu nzito ukasema, "Leo ni shahamu ya ng'ombe," na ikiwa nyepesi, "Leo mlipika nazi." Na ulikuwa hukosei.

Bi Mwanaisha akakuchukua kama wake. Kwetu ukiitwa unaitika "ee". Wiki mbili tu hapa, nikakuita, nikasikia "Abee, baba!" kutoka uani. Nilisimama na kandambili mkononi. Nilifurahi na nikaumia, vyote pamoja. Mtoto wa milimani alikuwa ameanza kuwa wa pwani, na mimi niliyetangulia kuja sikuwahi kuwa wa popote.

Siku hizo nilikuwa na kiu isiyokatika. Nilikunywa mtungi mzima nikaamka tena. Zahanati wakachemsha mkojo wangu katika kichupa pamoja na dawa yao, ukageuka rangi ya matofali. Daktari, kijana mwenye sauti ya haraka, akaniambia nina kisukari. Akanipa vidonge, akaanza kunihesabia vya kuacha. Sukari. Mkate. Wali. Ugali kidogo sana. Muhogo, viazi, ndizi, uji. Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa majina ya jamaa waliokufa. Nilimuuliza, "Na kimanga?" Hakukijua. Nikamweleza kuwa ni muhogo na maharagwe, vinapondwa pamoja mpaka vinashikamana, na kwetu mtu hajala kama hajala kimanga. Akatikisa kichwa. "Hicho ndicho hasa, mzee."

Bibi yako alikuwa akiniwekea kimanga ndani ya kibuyu nikienda kuchunga. Kilikaa mpaka jioni, kikapoa, kikakatika vipande kama jibini. Hiyo ndiyo ladha niliyokuja nayo Mombasa. Na sasa kijana mmoja aliyevaa koti jeupe ananiambia niiache. Nilitafuta kitu cha kushikilia. Nikauliza, "Na nyama?"

"Nyama kula."

"Na mafuta ya nyama?"

"Mafuta hayapandishi sukari," akasema. "Lakini..."

Wakesho, nililisikia hilo "lakini". Miaka hii yote nimewaambia watu kuwa daktari hakunieleza, kwamba foleni ilikuwa ndefu, kwamba mgonjwa mwingine aliingia. Foleni ilikuwapo, kweli. Lakini mimi ndiye niliyesimama. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nikaogopa akiendelea atakichukua. Nilisema ahsante, nikachukua karatasi, nikatoka.

Karatasi nilikupa wewe. Uliisoma ukiwa umesimama mlangoni, midomo inatembea. Chini kabisa daktari alikuwa ameandika: mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kwa chungu. Mimi sikusoma mpaka chini. Wewe ulisoma. Ukaenda kwa Bi Mwanaisha ukaomba kijiko, akakupa kile cha bati chenye mpini uliopinda, na tangu siku hiyo hukumimina mafuta kwa jicho. Ulikuwa unakikwangua ukingoni mwa chupa ili kisizidi. Nilikuona. Samaki ulimchoma, mchicha ukautia tui jepesi, mayai ukayachemsha. Na wewe mwenyewe ukakataa kula ugali mbele yangu. "Tutakula sawa, baba," ukasema. Nilikwambia ule, wewe unakua. Ukawa unaula kwa Bi Mwanaisha, kisha unarudi unakaa nami na kipande cha samaki kama hujala kitu.

Mwezi wa kwanza nilipona kama muujiza. Kiu ikakatika. Kichupa cha zahanati kikawa buluu. Mkanda ukaingia matundu mawili. Kiwandani nikaanza kuhubiri. Mzee Kombo wa Jomvu Kuu, yule mpishi wetu mkuu wa sabuni uliyekuwa ukimwamkia kila akipita, alichoka nami. Nilikuwa nikimwona mtu na muhogo nasema, "Hiyo ndiyo inayokuua." Nikamweleza habari yangu: adui ni wanga, mafuta hayana neno. Mtu akiacha ugali, mafuta hayapati pa kushika, yanapita tu. Haya ya kupita sikuambiwa na mtu. Niliyatunga mwenyewe, na kwa kuwa niliyasema mara nyingi nikayaamini.

"Mtaita," Mzee Kombo akaniambia, "miaka thelathini napika shahamu. Sijaiona ikipita mahali isiache alama."

"Hiyo ni ya pipani, mzee. Mimi nasema ya tumboni."

"Na tumbo lako si pipa?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao, kisha saa sita nikaenda kwa Saidi mwenye bucha.

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Saidi alikuwa na jiko nyuma ya bucha, na kwa kuwa wateja wengi walitaka mnofu, mafuta yalimbakia. Nilianza na nundu. Unaijua nundu ikichomwa, inavyotoa machozi juu ya makaa? Nilikula kipande, nikala cha pili. Kisha kidari chenye utando mnene. Kisha uboho, nikiukung'uta kutoka mfupani. Ijumaa alikuwa akichinja kondoo, akaniwekea mkia mzima. Supu nilikunywa bila kupuliza yale yanayoelea juu, ndiyo niliyoyataka. Vibarua wakawa wanakuja kunitazama. "Leo mfalme wa nundu hajaja?" "Yuaja, muwekeeni kiti!" Nilipenda, mwanangu. Mtu anayebeba mapipa maisha yake yote hapati jina. Pale nilipata jina.

Jioni nikarudi nyumbani nikala chakula chako cha kijiko kimoja, nikasema, "Leo samaki mtamu." Na alikuwa mtamu. Hilo halikuwa uongo. Uongo ulikuwa kwamba nilikaa mbele yako kama mtu mwenye njaa.

Niandike na ile Jumapili ya Shelly Beach, maana najua unaipenda. Tulivuka kivuko cha Likoni, tukatembea mpaka ufukweni, ukavua viatu vya shule. Mama mmoja alikuwa akiuza mahamri ya moto. Ukayatazama, ukanitazama, ukasema huna hamu. Mtoto wa miaka kumi na minne, hana hamu ya hamri! Ukaenda kuokota simbi, yale makombe madogo ya ufukweni. Mimi nilikuwa na kifurushi mfukoni mwa koti, mafuta ya kidari ya jana yake niliyofungiwa na Saidi katika gazeti. Ulipoinama mbali kidogo niligeukia ukuta wa hoteli nikala upesi upesi kama mwizi. Ukarudi na simbi zimejaa kwenye sketi. "Baba, gazeti hilo limelowa nini?" Lilikuwa limekuwa kama kioo, ungeweza kuona mkono wangu upande wa pili. Nikasema, "Mafuta ya kiwandani." Ukaniambia pole, ukanisugua vidole na mchanga.

Simbi zile bado ziko juu ya dirisha. Ninapozitazama nakumbuka mambo mawili kwa pamoja, furaha yako na gazeti lile, na siwezi kuondoa moja nikabakiwa na lingine.

Mwili ulinieleza mapema, kwa lugha yake. Kwanza Bi Mwanaisha. Hana haya yule. Nilimwamkia asubuhi, akarudi hatua moja. "Baba Wakesho, mdomo wako wanuka nanasi lililochacha. Wanywa nini huko kazini?" Nikaapa sinywi. "Wallahi wanuka," akasema. "Na mtu halali na nanasi mdomoni." Kisha choo. Sitakuficha, wewe unakwenda kuwa muuguzi: baada ya mkia wa kondoo nilikuwa nikikimbia chooni, na maji yakibaki na macho ya mafuta juu yake kama supu. Mimi nikafurahi! Nikasema unaona, yanapita. Kumbe mkanda ulikuwa umeshatoka tundu moja, kisha la pili. Nikalaumu ovaroli kuwa imesinyaa kwa kufuliwa. Kisha maumivu, chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani, saa moja hivi baada ya kula. Nikasema ni pipa nililoinua vibaya.

Ijumaa ile niliyoanguka nilikuwa nimetoka kwa Saidi. Nilikuwa nimesimama juu ya jukwaa, nakoroga, maumivu yakanishika nikashindwa hata kuita. Mzee Kombo alinishika ukosi kabla sijaegemea sufuria. Sabuni inayochemka ingenichuna kama kuku. Nasikia mpaka leo alivyosema, "Tulia, tulia, ndugu yangu," yeye aliyekuwa akinicheka. Hospitali wakakuta macho yangu ni manjano.

Yule daktari wa wodi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia kiwanda cha sabuni. Akavuta kiti. "Basi wewe nitakueleza upesi kuliko wengine. Mafuta na maji hupatana?"

"Hayapatani mpaka yapate sabuni."

"Ndani yako ini linatengeneza sabuni yake. Ni nyongo. Huwekwa katika kifuko, na ukila mafuta kifuko hujikamua, kuyavunjavunja yaingie mwilini. Ukila mengi, kinakamua kwa nguvu. Chako kina mawe, na jiwe moja limeziba njia."

Nikamuuliza kama mafuta ndiyo yaliyotengeneza mawe. Akasema hawezi kuapa. Huenda yalikuwapo siku nyingi, na kukonda haraka kama nilivyokonda mwezi wa kwanza nako huyaleta. Lakini mafuta ndiyo yaliyokuwa yakikibana kifuko kila mchana. Akaniuliza, "Umekuwa ukila nini?"

Hapo sikuwa na watu wa kuwachekesha. Nikamwambia yote. Nundu, uboho, mkia. Nikamwambia na maneno yangu ya kupita. Hakunicheka. Alisema mwili ni bahili, hautupi mafuta. Yale niliyoyaona chooni ni kidogo tu, yaliyozidi nguvu ya nyongo kwa mlo mmoja. Mengine yote yaliingia na yakawekwa. "Ulipoacha wanga mwili ulianza kuchoma mafuta, hapo hukudanganywa, hata harufu ya mdomo ilitoka hapo. Lakini huchoma yapi kwanza? Yaliyotoka sahanini. Ya tumboni yanangoja zamu, na wewe hukuyapa zamu."

Nilielewa saa ile ile. Kabla sijapanda kwenye sufuria nilikuwa mchochea moto wa boila. Rundo la kuni lilikuwa ukutani, na lori likileta kuni mpya zikamwagwa mlangoni. Hakuna mchochea moto atakayezivuka za mlangoni aende ukutani. Lori likija kila siku, rundo la ukutani halipungui, na siku lori likileta zaidi ya moto unavyokula, zinaongezwa juu ya rundo. Nilifanya kazi hiyo miaka miwili kwa mikono yangu, na sikufikiri hata siku moja kwamba tumboni mwangu kuna ua kama ule.

Mwezi wa kwanza nilikonda kwa sababu lori lilikuwa ni kijiko chako, Wakesho. Kijiko kimoja, na moto ukaenda ukutani kutafuta. Ni wewe uliyekuwa unaniponya. Lori la mchana ndilo lililoharibu.

Basi nilikuwa najua haya yote, kwa mdomo wa daktari, tangu Jumamosi. Mama yako alifika Jumapili.

Aliingia na vumbi la safari, khanga imemwangukia begani. Wewe ulikuwa miguuni pa kitanda na chupa ya chai isiyo na sukari. Hakuketi. Akasema, "Nilikutuma umtunze baba yako. Umempikia nini?"

"Nilipima, mama. Kijiko kimoja."

"Kijiko kimoja humpasua mtu tumbo? Wauguzi wamesema ni mafuta. Mafuta! Nani mwenye chungu hapo nyumbani?"

Ukasema tena, "Nilipima." Kisha ukanitazama mimi. Hukuwa unanituhumu, hukuwa na habari ya Saidi wala jiko lake. Ulikuwa unangoja shahidi. Nilikuona ukikikwangua kijiko kila siku, ni nani mwingine angesema?

Nikasema, "Mwache, mama Wakesho. Bado mtoto, anajifunza."

Hilo ndilo neno. Watu wodini waliliona ni la upole. Mgonjwa wa kitanda cha pili alinisifu kwa kuwa na moyo mwema. Wewe ukainamisha kichwa, ukasema, "Nisamehe, baba." Na mimi nikakusamehe. Nilinyanyua mkono wenye sindano ya maji nikauweka kichwani mwako, nikakusamehe kwa kosa langu.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Aibu ni nusu. Mfalme wa nundu angemwambiaje mkewe aliyebaki analima peke yake mlimani kwamba yeye huku alikuwa akishangiliwa kwa kula? Nusu nyingine ni rahisi na mbaya zaidi: ilikuwa imeshasemwa, nawe ulikuwa umeshaibeba. Kitu kikiwa kichwani pa mwingine huoni haraka ya kukishusha. Ukapoteza mwaka wa shule kwa kuniuguza, ukarudia kidato cha kwanza na watoto wadogo kuliko wewe, na bado nikasema kesho nitamwambia.

Kijiko ukakitia kwenye kopo la juu ya kabati. Tangu hapo chakula chetu ni chukuchuku. Nilipoanza kupona daktari alisema mafuta kidogo yanafaa, na ugali wa ngumi moja, na kimanga mara mojamoja. Ukamjibu "Ndiyo" na hukutia hata tone. Bi Mwanaisha alipomwoza binti yake, wanawake wakakuita ukaange nao, ukashika masufuria ya kuosha mchana kutwa. Aliniuliza, "Mtoto huyu ana nini na mafuta? Ayaogopa kama nyoka." Nikamjibu ndivyo tulivyo Wataita. Nikawasingizia kabila zima!

Na mwaka jana ulipomaliza kidato cha nne ukanijia mlangoni, ukasimama pale pale uliposomea karatasi ya daktari. "Baba, nataka kusomea uuguzi. Nisimdhuru mtu tena kwa kutojua."

Nilikwambia, "Vyema." Sikuwahi kusema neno dogo lililonitoka kwa uzito kama lile. Hukumdhuru mtu, Wakesho. Wewe ulijua. Ulisoma mpaka mstari wa mwisho wa karatasi ambayo mimi sikuimaliza. Nami ninaogopa sasa, nikikuondolea sababu uliyoijenga, utauliza kama safari hii ni yako au ni adhabu uliyojipa. Jibu ni lako. Nenda ukalitafute huko huko. Ukiona si yako, rudi, chumba kipo, wala hutaulizwa na mtu. Lakini nakumbuka mtoto aliyekuwa akinusa ovaroli akajua kilichopikwa. Nadhani ulikuwa muuguzi kabla sijaugua.

Kukwambia wewe peke yako sikuona kunatosha, maana aliyekulaumu ni mama yako. Wiki mbili zilizopita nilimwandikia mama yako. Yote, na Saidi, na gazeti la Shelly Beach. Nilimpa jirani yetu Mwadime aliyekuwa akipanda kwenda nyumbani Taita, na barua ilipotoka mkononi mwangu nilitaka kumkimbilia. Alhamisi amerudi, akanikuta getini.

"Amesema nikwambie ameisoma mara mbili."

"Hakusema lingine?"

"Aliikunja barua, ndugu. Kisha akauliza basi la Wakesho litafika Voi saa ngapi."

Nikamwambia saa tatu hivi. Akasema ndivyo alivyomjibu.

Leo nimepika mimi. Ukirudi utakuta chungu kimefunikwa kwa sahani ya buluu. Ni kimanga, muhogo wa sokoni na maharagwe yaliyobaki ya mama yako. Si kama cha bibi yako, muhogo wa pwani una maji mengi, lakini kimeshikamana. Nilikitoa kijiko koponi, nikakiosha kutu, nikapima mafuta kimoja, nikakikwangua ukingoni mwa chupa kama ulivyokuwa ukifanya. Ni kazi ya subira. Sijui ulikuwa ukiwezaje kila siku. Sehemu yangu nimeshaila, imelingana na ngumi. Kilichobaki ni chako, na kijiko nimekitia ndani ya sanduku lako, chini ya sare. Hakikuwa na kosa hata siku moja.

Ukiwa na hasira usizimeze kwa ajili ya safari. Kesho nitabeba sanduku mpaka kituoni, ukitaka kusema sema, ukitaka kunyamaza nitatembea nyuma yako.

Voi basi husimama kidogo tu. Shuka, hata kama dereva atapiga honi. Mama yako atakuwa pale, na ana neno ambalo ameshuka nalo mlima. Najua utataka kumwahi, umwambie yameisha, umpunguzie. Usimkatize, mwanangu. Mimi niliwahi kusimama kabla mtu hajamaliza kusema. Wewe kaa mpaka amalize.

Ni mimi, baba yako.